Presha ilikwenda wapi? Uchambuzi wa kisa cha modeli ya kuhifadhi hewa ukaa na haidrojeni chini ya ardhi ya Mtwara

Majina ya watu, taasisi na kijiji yameondolewa. Vipimo vya mwamba vimekadiriwa kwa namba nzima ili eneo lisitambulike, ila hesabu zimeachwa zikubaliane, na msomaji mwenye kikokotoo anaweza kuzirudia mwenyewe.

Usuli

Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Songo Songo ilianza kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa linalotoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Kabla ya bomba hilo kukamilika, Mei 2013, watu wa Mtwara waliingia barabarani kulipinga. Nalitaja hilo mapema kwa sababu litarudi mbele, siku timu ilipokwenda kijijini.

Swali lililozaa kisa hiki linatazama upande wa pili. Mwamba uliotunza gesi kwa mamilioni ya miaka, je, unaweza kutunza hewa ukaa ambayo watu wameisukuma chini kwa pampu? Kusini huzalishwa saruji, na saruji ina tatizo ambalo umeme wa jua hauwezi kulimaliza. Tani moja ya klinka (chokaa na udongo vilivyochomwa, ambavyo husagwa kuwa saruji) hutoa takribani tani 0.8 ya hewa ukaa, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye chokaa yenyewe inapochomwa, hata ukibadilisha mafuta ya tanuri. Hewa hiyo ikishakamatwa lazima ipelekwe mahali.

Mfadhili mmoja alitaka tathmini ya awali ya kompyuta, akaongeza swali la pili kwenye mkataba: mwamba huohuo utafaa kuhifadhi haidrojeni? Wazo lilikuwa kwamba wakati wa mvua, umeme wa maji ukiwa mwingi (bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115), ziada itengeneze haidrojeni, ihifadhiwe, itolewe kiangazi.

Timu ilikuwa ya watu wanne: mjiolojia, mhitimu wa uhandisi wa petroli, kijana wa programu, na mhandisi mstaafu aliyefanya kazi za visima miaka mingi, ambaye wenzake walimwita Mzee. Mimi niliitwa mwishoni kusoma ripoti yao kwa jicho la nje, nikapewa mafaili na daftari lao la kumbukumbu. Ninayoyaeleza yametoka humo.

Mwamba uliochaguliwa

Walichagua tabaka la mchanga wenye maji ya chumvi, mfano wa mchanga uliomwagwa na mto Ruvuma wa kale, likiwa mita 1,500 chini na limezibwa juu kwa tabaka nene la mwamba wa tope. Kitalu kilikuwa na urefu wa kilomita 10, upana kilomita 8, na unene wa mchanga mzuri mita 30. Vitundu vilichukua asilimia 20 ya mwamba. Pande tatu za kitalu zilipakana na mipasuko ya kijiolojia inayoonekana kwenye picha za mitetemo (zinazotengenezwa kwa mawimbi yanayotumwa ardhini), lakini picha hizo hazisemi kama mpasuko unapitisha maji au umeziba.

Kina hicho kina sababu. Hewa ukaa ikizidi joto la nyuzi 31 na presha ya baa 74 (baa moja inakaribia presha ya kawaida ya hewa juu ya ardhi) hubadilika tabia: inabanana karibu kama kimiminika, huku ikipenya kama gesi. Kwenye mita 1,500, presha ya asili ni kama baa 150 na joto ni karibu nyuzi 70, hivyo mita moja ya ujazo hubeba takribani kilo 500. Juu ya ardhi, mita hiyohiyo haifiki kilo mbili.

Mpango ulikuwa kusukuma tani 300,000 kwa mwaka kwa miaka 20, yaani tani milioni 6.

Mtiririko wa matukio

Kijana wa programu alitumia OPM Flow, programu huria ya kuiga mwendo wa maji na gesi ndani ya mwamba. Uamuzi ulikuwa mzuri: leseni za programu za kibiashara zingemaliza bajeti yote, na OPM ina sehemu maalumu za hewa ukaa na za haidrojeni. Kitalu kiligawanywa kwenye seli, yaani vipande vidogo vya kuhesabia, za mita 200 kwa 200, kimo mita 10. Jumla seli 6,000, modeli inamalizika kwa dakika chache kwenye kompyuta mpakato. Kwa ofisi ambayo umeme ukikatika kazi ya usiku hupotea, hilo halikuwa jambo dogo.

Matokeo ya kwanza yalivutia. Hewa ukaa ilipanda kutoka kisimani, ikagonga tabaka la tope, ikatandaa chini yake taratibu. Baada ya miaka 20 presha ilikuwa imepanda kwa baa 9 tu. Rasimu ya ripoti ikaandikwa: mwamba unachukua tani milioni 6 bila shida, na huenda zaidi.

Kwenye kikao cha ndani, Mzee hakutazama picha ya hewa ukaa. Aliuliza maji yamekwenda wapi. Mchanga ule ulijaa maji tangu mwanzo, na ndoo iliyojaa haiongezwi kitu bila kumwagika. Akachukua karatasi akaandika hesabu ambayo bado imebandikwa ndani ya daftari la timu.

Eneo la kilomita za mraba 80, mara mita 30, mara 0.2: nafasi ya vitundu ni mita za ujazo milioni 480. Maji na mwamba kwa pamoja hubanika kwa sehemu 9 katika 100,000 kwa kila baa moja. Kwa hiyo kila baa ya presha inayoongezeka inafungua nafasi ya mita za ujazo 43,200, basi. Tani milioni 6 za hewa ukaa zinahitaji mita za ujazo milioni 12. Gawanya: presha ingepaswa kupanda kwa baa zaidi ya 270. Tabaka la juu, kwa makadirio ya timu yenyewe, lingepasuka presha ikikaribia baa 240, na kikomo cha usalama walichojiwekea kilikuwa 215. Yaani, kutoka baa 150 za asili, ruhusa ni baa 65. Baa 65 mara 43,200 ni mita za ujazo milioni 2.8, sawa na tani milioni 1.4. Kwa kasi iliyopangwa, kisima kingefungwa kabla ya mwaka wa tano kwisha.

Baa 9 za kompyuta na baa 270 za penseli haziwezi zote kuwa sawa kwa mwamba mmoja. Ilichukua mchana mzima kupata sababu. Faili la modeli lilianzia kwenye mfano ulionakiliwa mtandaoni, na kwenye mstari mmoja wa mfano huo seli za pembeni zilikuwa zimezidishwa ujazo mara elfu moja. Ni njia ya kawaida ya kuiambia kompyuta kwamba nje ya kitalu kuna bahari ya maji isiyokwisha inayopokea kila kinachosukumwa. Kwa mwamba ambao mfano ule ulitengenezewa, huenda ilikuwa sahihi. Kwa kitalu chenye mipasuko pande tatu, hakuna aliyekuwa ameamua hivyo. Mstari ulibaki kwa sababu modeli ilikimbia bila kugoma.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudia modeli kwa sura tatu: mipaka iliyofungwa kabisa, mpaka mmoja wazi upande wa bahari, na mipaka yote wazi kama mwanzo. Modeli iliyofungwa ilitoa jibu lililo karibu na la Mzee. Haikuwa sawasawa, na tofauti ina maelezo: presha ikipanda, hewa ukaa nayo hubanana zaidi, nafasi ikaongezeka kidogo, lakini presha ya kisimani hugonga kikomo kabla ya wastani wa kitalu, nafasi ikapungua. Mambo hayo mawili yalikaribia kufutana. Kati ya sura ya kwanza na ya tatu uwezo wa mwamba ulitofautiana zaidi ya mara nne, na hakuna hata chembe ya mchanga iliyobadilishwa.

Wa pili ulikuwa kutochagua sura ya katikati na kuiita jibu. Mhitimu wa petroli alitaka wastani, kwa hoja kwamba mfadhili anahitaji namba moja. Mjiolojia alikataa, na naona alikuwa na haki kabisa. Mpasuko ama unapitisha maji ama haupitishi. Wastani wa viwili hivyo ni mwamba ambao haupo popote. Ripoti ikabeba namba ndogo kama ahadi na namba kubwa kama uwezekano, pamoja na maelezo ya kipimo kitakachosaidia kuamua: historia ya presha ya visima vya gesi vya jirani vilivyo kwenye tabaka la aina hiyohiyo. Gesi ikitolewa, presha hushuka. Ikishuka moja kwa moja kulingana na kiasi kilichotoka, kitalu kimefungwa. Ikishuka polepole kuliko hesabu, kuna maji yanaingia kutoka nje. Timu iliomba takwimu hizo kwa maandishi. Hazikupatikana ndani ya muda wa mkataba.

Mfano waliouweka kwenye ripoti ni Snøhvit, kaskazini mwa Norwei, ambako hewa ukaa hutenganishwa na gesi asilia kabla ya gesi kufanywa kimiminika. Ni kiwanda cha aina inayopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, kwa hiyo mfano huo unatuhusu. Kusukuma hewa ukaa kulianza mwaka 2008 kwenye tabaka moja la mchanga. Presha ikapanda haraka kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 2011 wakahamia tabaka jingine la juu yake. Walikuwa na vipimo vya kisimani vya kuwaonya, na walikuwa na tabaka la pili la kukimbilia.

Uamuzi wa tatu ulihusu ukubwa wa seli. Hewa ukaa ni nyepesi kuliko maji, hivyo hutandaa chini ya tabaka la juu kama ulimi mwembamba wa mita chache. Seli yenye kimo cha mita 10 haiwezi kuuona ulimi huo. Ikipokea hewa ukaa kidogo huihesabu kana kwamba imeenea kimo chote, imegusa maji mengi na kuyeyuka upesi. Modeli ya kwanza ilizidisha kiasi kilichoyeyuka na ikapunguza umbali ambao hewa ukaa ingesafiri, yaani ilikosea pande zote mbili zinazofariji. Timu iligawa kimo kwa mita moja moja, seli zikafika 60,000, na ulimi ukaenda mbali zaidi. Anayetaka kuona jinsi mambo haya yanavyotokea kwenye mwamba halisi aangalie Sleipner, Bahari ya Kaskazini, ambako hewa ukaa ilianza kusukumwa mwaka 1996, kwa miaka mingi ikikaribia tani milioni moja kwa mwaka. Picha za mitetemo zilionyesha hewa ukaa imejipanga kwenye tabaka tisa, na kufikia mwaka 1999 ilikuwa imeshagusa juu, ikipenya vizuizi vyembamba vya tope katikati ya mchanga.

Upande wa haidrojeni

Hapa timu ilianza vibaya. Walichukua modeli ileile, wakabadilisha aina ya gesi, wakaendesha. Chini ya nusu ya haidrojeni iliyoingizwa ilirudi kwenye mzunguko wa kwanza.

Hewa ukaa unaizika. Unataka isirudi kamwe. Haidrojeni unaiweka akiba. Unataka irudi yote, safi, kwa kasi, kila mwaka. Maji ya humo yana mnato mkubwa kuliko haidrojeni takribani mara 40, hivyo haidrojeni hukimbia vidole vidole chini ya tabaka la juu, na sehemu hunasa kwenye vitundu. Ndiyo maana hifadhi za namna hii huwekwa kwanza gesi ya msingi isiyotolewa, ili isukume maji pembeni na kushikilia presha. Mara walipoiongeza, kiasi kinachorudi kilipanda vizuri, lakini haidrojeni ikarudi imechanganyika. Sehemu ya mchanganyiko huo ilikuwa ya kweli, sehemu ilitengenezwa na seli kubwa, na kuzitenganisha kulihitaji seli ndogo zaidi ambazo kompyuta yao haikuzimudu. Waliandika hivyo kwenye ripoti waziwazi. Nawapongeza.

Kulikuwa pia na vijidudu. Huko Lobodice, katika nchi ambayo leo ni Cheki, gesi iliyotengenezwa kwa makaa ili isambazwe mijini, yenye haidrojeni nyingi, ilihifadhiwa kwenye mwamba wa maji, na sehemu ya haidrojeni ikageuzwa metani, gesi iliyo sehemu kubwa ya gesi asilia, na vijidudu vya humo chini. Hakuna mstari wa modeli ya timu uliohusu jambo hilo.

Pendekezo lao la mwisho lilikuwa kuachana na mchanga kwa haidrojeni na kutazama chumvi. Mapango yaliyochimbwa kwa maji ndani ya chumvi yamehifadhi haidrojeni Teesside, Uingereza, tangu mwaka 1972, na yapo pia Texas. Bonde la Mandawa, Kilwa, lina chumvi ya kale chini ya ardhi. Huo ni utafiti mwingine kabisa, wenye modeli nyingine, kwa kuwa chumvi hujongea polepole kwa miaka na pango husinyaa.

Mkutano wa kijiji

Mkataba ulitaka timu ieleze kazi yao kwa wananchi wa eneo. Walikwenda na projekta na picha ya modeli, hewa ukaa imepakwa rangi nyekundu iliyokoza. Kabla mjiolojia hajamaliza salamu, watu walikuwa wanaulizana kama ule ni moto. Mtendaji wa kijiji akaomba utulivu, kisha mzee mmoja akasimama: "Wanangu, gesi yetu ilipita hapa ikaenda zake. Leo mnaturudishia moshi wake?"

Mjiolojia hakukimbilia takwimu. Alikiri kwamba swali ni halali, akaeleza kwamba hakuna kinachosukumwa bado, na kwamba kazi yao ni kuona kama inafaa au haifai. Mwalimu wa sekondari akauliza kuhusu ziwa Nyos, Kameruni, ambako mwaka 1986 hewa ukaa iliyotoka ghafla iliua watu wapatao 1,700. Jibu lilikuwa kwamba pale gesi ilijikusanya kwenye maji ya ziwa lililo wazi na ikafumuka kwa mara moja, tofauti na mwamba ulio kilomita moja na nusu chini. Jibu hilo liliongeza, hata hivyo, kwamba njia ya hatari zaidi ya kutorokea ni visima vya zamani visivyozibwa vizuri, na ndivyo vinavyotafutwa kwanza.

Hapo mama mmoja mkulima wa korosho akasema, "Kama ni visima, shambani kwangu kuna kimoja." Kesho yake aliwapeleka. Chini ya mkorosho wa mwisho wa shamba kulikuwa na zege la mraba lililopasuka upande mmoja, katikati bomba la chuma limekatwa usawa wa goti na kuchomelewa bamba juu. Maandishi ya bamba yalikuwa yameliwa na kutu. Kifaa cha GPS kiliweka mahali hapo umbali wa kilomita moja na nusu kutoka kisima cha kusukumia kilichopangwa. Hakikuwemo kwenye orodha waliyopewa.

Waliporudi ofisini wakakiweka kwenye modeli. Ulimi wa hewa ukaa ungekifikia mwaka wa nane. Presha ingekifikia ndani ya wiki za kwanza, maana presha hupita kwenye maji kwa kasi ambayo gesi yenyewe haiwezi kuifikia. Kama zege la ndani limeoza, maji ya chumvi yangeanza kupanda kuelekea visima vya kunywa miaka mingi kabla hewa ukaa haijakaribia.

Matokeo

Ripoti ya mwisho ilitaja tani milioni 1.4 kama kiasi kinachoweza kutetewa kwa taarifa zilizopo, ikaondoa haidrojeni kwenye mchanga ule, ikahamisha kisima kilichopendekezwa, na ikaweka sharti kwamba kisima cha shamba la korosho kikaguliwe na kuzibwa upya kabla ya lolote. Mfadhili hakufurahi. Hatua ya pili imesimamishwa hadi takwimu za presha zipatikane.

Uchambuzi

Kosa la mpaka halikugunduliwa na programu wala na kompyuta yenye nguvu zaidi. Hata seli milioni moja zingetoa baa 9 zilezile. Liligunduliwa na hesabu ya mistari mitano. Hesabu hiyo ilipaswa kufanywa siku ya kwanza, kabla ya faili lolote kufunguliwa, na ningependa kila ripoti ya uhifadhi wa chini ya ardhi iwe nayo kwenye ukurasa wa pili. Mgawanyo wa kazi nao ulichangia. Aliyejua mipasuko hakuwahi kusoma faili la modeli, na aliyeandika faili hakuwahi kuona picha za mitetemo. Kila mmoja alidhani mwenzake ameamua kuhusu mipaka.

Kilichofanya kazi vizuri ni kukataa wastani, na uamuzi wa kuandika kisichoweza kuhesabiwa badala ya kukifunika. Kijijini, rangi nyekundu ilikuwa uzembe unaoepukika, lakini tabia ya mjiolojia ya kusikiliza ndiyo iliyowaletea taarifa muhimu kuliko zote za mradi. Hata hivyo mkutano ulichelewa mno. Ulipangwa baada ya modeli kukamilika, kama tangazo, wakati taarifa za wenyeji zilihitajika wakati wa kuijenga.

Pengo moja limebaki, nami nililiandika kwenye maoni yangu. Mzee wa kijiji aliuliza watajuaje kama hewa hiyo inavuja, na timu ikajibu kwamba vipimo vitawekwa baada ya kuanza kusukuma. Hiyo haitoshi. Udongo wa shambani hutoa hewa ukaa yake wenyewe kutokana na mizizi na vijidudu, na kiasi hicho hupanda mvua zinapoanza na kushuka kiangazi. Bila kuwa na vipimo vya angalau mwaka mzima kabla ya kusukuma chochote, vilivyochukuliwa shamba kwa shamba pamoja na maji ya visima vya kunywa, hakuna atakayeweza kutofautisha pumzi ya udongo na uvujaji. Kazi hiyo haihitaji modeli wala ruhusa ya mtu wa mbali. Vijana wa kijiji wanaweza kufundishwa kuifanya, na inaweza kuanza msimu huu hata kama mradi wenyewe hautajengwa kamwe.